Nani Anaweza Kukivunja? Litowa, Mbinga na Suala la Watu Kujiongoza

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kuivunja Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, iliyojulikana zaidi kwa herufi tatu, RDA. Wakati huo jumuiya hiyo ilikuwa na vijiji 17. Wanachama wake hawakuwa wamechukua silaha wala kuanzisha chama cha upinzani; wengi wao walikuwa wana-TANU wa kutupwa. Walilima pamoja, wakagawana mavuno, wakaendesha mashine ya kusaga na kiwanda cha mbao, na mambo yao wakayaamua wenyewe kwenye vikao vya kijiji. Hilo la mwisho ndilo lililowaponza.

Kwa msomaji wa Mbinga, Liuli au Mbamba Bay, hii si habari ya ugenini. Litowa, kijiji mama cha RDA, kiko Songea vijijini, jirani kabisa. Suala lenyewe nalo halijazeeka. Je, watu wa kawaida wanaweza kuendesha mambo yao bila mkubwa wa kuwaamuru? Na kama wanaweza, kwa nini vyombo vyao huvunjwa mapema, na kwa nini habari zao husimuliwa na watu wengine?

Ulaya waliolishikia bango suala hili tangu karne ya 19 ni waanaki, watu wanaoamini kwamba jamii inaweza kujipanga kwa hiari na kusaidiana, bila dola wala tajiri wa kuikalia juu. Mrusi Peter Kropotkin alitoa kitabu mwaka 1902 kueleza kwamba kusaidiana kumewavusha viumbe na binadamu si chini ya kushindana. Afrika, Wanigeria wawili, Sam Mbah na I. E. Igariwey, walichapisha mwaka 1997 kitabu kuhusu uanaki wa Kiafrika. Hoja yao ni kwamba jamii nyingi za bara hili ziliishi kwa misingi ya namna hiyo, na kwamba ujamaa wa Tanzania ulikwama pale dola ilipoushika hatamu. Hakuna sababu ya kuwabandika watu wa Litowa jina la mwanaki. Wao walijiita wajamaa. Ila waliyoyatenda yanaingia moja kwa moja katika mjadala huo, na yana faida moja: yalitendeka, na matokeo yake tunayajua.

Badala ya kubishana kwa itikadi, ni afadhali kukipima kila chombo cha wananchi kwa maswali matatu. Nani anaweza kukivunja? Nani anashika daftari lake? Nani anasimulia habari zake?

Vijana wa porini

Mwaka 1960, kabla ya uhuru, Ntimbanjayo Millinga aliyekuwa kiongozi wa Umoja wa Vijana wa TANU aliwakusanya vijana wenzake waende kufungua mashamba Litowa. Mwanzo ulikuwa mgumu, wengi wakarudi makwao. Waliobaki ndio walioweka utaratibu: shamba la pamoja, kazi inayopangwa kikaoni, pato linalogawanywa kwa kadiri ya kazi aliyofanya mtu. Vijiji vingine vilipotaka kuiga, walivipokea kwa sharti la kujitawala. Kila kijiji kilikuwa na mkutano wake, na jumuiya ikawa mahali pa kuunganisha nguvu, si pa kutoa amri.

Mshauri wao alikuwa Ralph Ibbott, Mwingereza mkadiriaji majenzi aliyetokea shamba la misheni la St Faith's, Rhodesia ya Kusini, ambako Waafrika na Wazungu walijaribu kulima na kuishi pamoja. Alikuja na familia yake. Kupitia kwake na marafiki wa nje zilipatikana fedha za mashine. Kikaundwa pia kikosi kilichoitwa jeshi la mapinduzi ya kijamii na kiuchumi, na silaha yake ilikuwa uzoefu tu: wanachama waliokomaa walitumwa kuishi katika vijiji vichanga ili kuwasaidia wenzao kupanga kazi, kutunza hesabu na kuendesha vikao.

Shule ya Litowa, chini ya mwalimu Suleman Toroka, iliunganisha masomo na kazi ya shamba, na wanafunzi walishiriki katika maamuzi ya shule yao. Hayo yalikuwa yakifanyika kabla Mwalimu Nyerere hajatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. Waliokaa Litowa wameandika pia kwamba wanawake waliketi vikaoni na kupewa sehemu yao ya pato kwa mikono yao wenyewe, jambo ambalo katika shamba la familia halikuwa la kawaida.

Nyerere aliwatembelea, akawapenda, akawasifu. Waraka wake wa Ujamaa Vijijini wa Septemba 1967 unafanana mno na yale yaliyokuwa yakitendeka Litowa, na watafiti wengi wanaona kwamba hapo ndipo alipopata mfano hai. Mwaka uliofuata, katika Uhuru na Maendeleo, alisisitiza kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza, na kwamba hakuna wa kusukumwa kwa nguvu katika kijiji cha ujamaa.

Kikao kimoja

Kama rafiki yao alikuwa Rais wa nchi, walivunjwaje? Hapo ndipo penye fundisho.

Machi 1969 ulitoka Waraka wa Rais Namba 1, ulioagiza serikali nzima ielekeze nguvu kwenye vijiji vya ujamaa. Tangu hapo kuanzisha vijiji kukawa kazi ya maofisa, na ofisa hupimwa kwa idadi. Vijiji vinavyokua polepole, vinavyokubali wanachama mmoja mmoja na vinavyomhoji mkuu wa wilaya vikawa kero. Viongozi wa mkoa walikuwa wamekwisha kuvutana na RDA kwa muda mrefu. Kamati Kuu ilipoamua kwamba vijiji vyote vya ujamaa viwe chini ya chama, hapakuwa na nafasi ya jumuiya iliyosimama pembeni. Mali ilichukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishiwa sehemu mbalimbali za nchi, wageni wakaondoka. Nyerere hakuuzuia uamuzi huo.

Upande wa pili nao una hoja. Taifa lilikuwa changa. Ng'ambo ya Mto Ruvuma palikuwa na vita vya ukombozi wa Msumbiji, na Wareno walikuwa na kila sababu ya kupenyeza watu wao. Jumuiya yenye washauri wa kigeni na fedha za wafadhili wa Ulaya ingeweza kuulizwa kwa haki kabisa: inawajibika kwa nani? Swali hilo lingejibiwa kwa ukaguzi wa hesabu na mkutano wa hadhara. Lilijibiwa kwa kuchukua mashine.

Yaliyofuata yanaonyesha kwamba RDA haikuonewa peke yake. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilifutwa. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa, kikiwemo kile cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichokuwapo tangu mwaka 1936 kwa ajili ya wakulima wa tumbaku. Kila chombo kilichoweza kusema na kutenda bila ruhusa kiliondolewa kimoja baada ya kingine, mara nyingi kwa lugha ya kumkomboa mwananchi yuleyule. James C. Scott, mwanazuoni wa Kimarekani mwenye huruma na waanaki, aliuweka uhamishaji wa vijiji vya Tanzania katika kitabu chake cha 1998 kuhusu mipango ya dola inayoshindwa kwa sababu haiusomi ujuzi wa wenyeji.

Wala si Tanzania tu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, wakulima wa Aragón waliunganisha mashamba yao mwaka 1936 wakayaendesha kwa mikutano. Agosti 1937 baraza lao lilivunjwa, na aliyelivunja hakuwa Jenerali Franco bali serikali ya Jamhuri waliyokuwa wakiipigania. Litowa na Aragón zinakutana hapa: harakati za mashinani mara nyingi hufungwa na wale wanaosema lugha yao.

RDA basi ilishindwa swali la kwanza. Aliyeweza kuivunja alikuwa nje yake, na ngao yao kubwa ilikuwa mapenzi ya mtu mmoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, hata kama nduguye ni Rais. Kijiji cha Matetereka, kimojawapo cha vijiji hivyo 17, kinathibitisha jambo hilo kwa upande wa pili. Baada ya jumuiya kuvunjwa, wanakijiji wake waliendelea na shamba la pamoja kwa miaka mingi, hata watafiti wa miaka ya 1990 wakakikuta na kukiita kijiji cha mwisho cha ujamaa. Mashine zilibebeka kwenye lori, lakini mazoea ya kukutana, kupanga na kugawana yalibaki vichwani mwa watu.

Ngolo hazikuhitaji kibali

Ukipanda kutoka Songea kuingia Mbinga, milima ya Umatengo inakupa ushahidi wa zamani zaidi. Kwenye miteremko mikali Wamatengo hulima ngolo: hufyeka majani, huyalaza kwa mistari inayokatana, kisha huchimba katikati na kuyafunika kwa udongo, hata mlima mzima ukajaa mashimo yaliyopangwa. Maharage hupandwa kwenye kingo mwishoni mwa masika, mahindi hufuata msimu wa mvua unaokuja. Mashimo hukamata maji na udongo usiporomoke, majani huoza na kuwa mbolea. Hakuna bwana shamba aliyebuni mfumo huo. Ulikomaa wakati wa karne ya 19, watu walipobanana milimani kukwepa mashambulizi ya Wangoni, na wataalamu wa kikoloni walipoukuta waliustaajabia.

Nyuma ya kilimo hicho kulikuwa na mpangilio wa jamii. Ardhi iligawanywa kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima kati ya vijito viwili, unaoshikwa na ukoo mmoja. Kazi nzito ilifanywa kwa ngokela, kulimiana kwa zamu. Na mambo ya ukoo yalizungumzwa katika sengu, ambapo wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee, wakasuluhisha ugomvi, wakawafunda vijana. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kijapani walifanya kazi katika kijiji cha Kindimba, na wanakijiji walipojenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji, kamati ya kuisimamia waliiita Sengu. Waliitumia taasisi waliyoijua, wakaipa kazi mpya.

Hapa wapenzi wa uanaki hupenda kusherehekea, na inafaa wapunguze kasi. Sengu ilikuwa meza ya wanaume. Katika ngolo, kufyeka na kulaza majani ni kazi ya wanaume, na kuchimba mashimo, kazi inayovunja mgongo, ni ya wanawake. Jamii isiyo na dola haikosi mabwana. Wengine wanaitwa wazee, wengine waume. Litowa ilikuwa na ubora juu ya sengu kwa sababu ilithubutu kuligusa hilo. Sengu ilikuwa na ubora juu ya Litowa kwa sababu hakuna kikao cha Dar es Salaam kilichoweza kuivunja. Harakati yenye akili ingechukua mema ya pande zote mbili.

Ufukweni: kushirikishwa na kuamua

Ukiteremka hadi ziwani, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, chombo cha wananchi kinachoonekana zaidi ni kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho wavuvi wote hukiita BMU. Vikundi hivi vimewekwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Kazi yao ni kupiga vita nyavu haramu, kuandikisha mitumbwi na kulinda mazalia.

Kwa karatasi, hapo wavuvi wanajiongoza. Kipime kwa maswali yetu. Katiba yake hufuata mfano uliotoka juu, kazi zake zimepangwa na sheria, na ofisa uvuvi ndiye mwenye neno zito. Ndani yake, mwenye mtumbwi, nyavu na taa za usipa hana nguvu sawa na kijana anayevuta nyavu usiku kucha kwa fungu la samaki. BMU nzuri huokoa ziwa, na hilo si dogo. Lakini kushirikishwa katika kutekeleza si sawa na kuamua. Ushirikishwaji huja na ajenda iliyokwisha kuandikwa, na aliyeiandika ndiye anayebaki na madaraka.

Gazeti ni la nani

Tufike kwenye swali la tatu, ambalo wanaharakati wengi huliweka mwisho na kujuta. Habari za Litowa zilizosomwa mbali na Songea zilipitia mikono gani? Jarida la Mbioni la Chuo cha Kivukoni liliandika kuhusu Litowa. Mmarekani kijana, Kate Wenner, alitoa kitabu mwaka 1970 kiitwacho Shamba Letu, lakini ndani ni cha Kiingereza. Kumbukumbu za Ibbott zilichapishwa London mwaka 2014. Tunawashukuru wote. Hata hivyo, mkulima wa Mbinga anayetaka kujua majirani zake walifanya nini lazima ajue Kiingereza na apate kitabu kilichochapwa ng'ambo. Wenyewe waliolima hawakuachiwa ukurasa.

Ajabu ya historia ni kwamba gazeti ambalo lingeweza kuwatetea lilizaliwa miezi miwili baada ya kuvunjwa kwao. Novemba 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa umoja ulioitwa USARF, walitoa toleo la kwanza la Cheche. Wahariri wake, Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, walilitengeneza kwa kujitolea, bila mfadhili. Humo ndimo Issa Shivji alimochapisha uchambuzi wake wa tabaka zilizokuwa zikiota chini ya kivuli cha ujamaa. Novemba 1970 gazeti na umoja wenyewe vilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba Tanzania, yenye ujamaa wake, haikuhitaji itikadi ya kuazima. Hata jina la Cheche lilikumbusha gazeti la Lenin, mwanamapinduzi wa Urusi. Lakini Cheche nalo liliandikwa kwa Kiingereza. Wanafunzi waliwasemea wakulima kwa lugha ambayo wakulima hawakuisoma, na hilo liliwarahisishia kazi waliolifunga.

TANU yenyewe ilikua kwa magazeti ya namna hiyo. Sauti ya TANU ilikuwa karatasi ndogo ya harakati, na mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa na kutozwa faini kwa kuwakashifu maofisa wa kikoloni katika karatasi hiyo. Chama kilichojua uchungu wa kuzibwa mdomo kilipopata dola kilitunga Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa waziri uwezo wa kufunga gazeti. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilikuja na leseni, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zikamtaka hata mwenye blogu alipe ada zilizozidi shilingi milioni 2 kwa jumla. Kanuni zilirekebishwa baadaye, lakini ujumbe ulikwisha kufika: kusema kwa wengi ni jambo la kuombea kibali.

Je, gazeti lingeiokoa RDA? Wana-Aragón walikuwa na Solidaridad Obrera, gazeti la kila siku la shirikisho la wafanyakazi la CNT, na bado walivunjwa. Gazeti huzuia jambo lisifanyike gizani, na likifanyika, huwaachia waliotendewa maneno yao wenyewe. Kenya mwaka 2024 ilionyesha hatua nyingine. Vijana waliojitangaza kuwa hawana kiongozi, kabila wala chama waliufafanua muswada wa fedha kwa lugha za nyumbani, kwa simu, wakajaza barabara. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa na vijana kuuawa, Rais William Ruto alikataa kuutia saini. Habari iliyofasiriwa ikamfikia mama mboga ilikuwa na nguvu kuliko kiongozi ambaye angeweza kukamatwa. Lakini hata hao waligundua kwamba simu haishiki daftari: kusanyiko kubwa likimalizika bila kikao cha kudumu, madai hubaki bila mwenyewe.

Kilichomo mikononi leo

Kuna silaha moja ambayo watu wa Litowa hawakuwa nayo. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji wa watu wazima wote ndio chombo cha juu kabisa cha kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Katika mkoa wenye makaa ya mawe ya Ngaka, barabara ya lami hadi Mbamba Bay na wawekezaji wanaoutazama ufukwe, vifungu hivyo vina thamani kuliko hotuba yoyote. Udhaifu wake ni kwamba havijitekelezi. Mkutano usipoitishwa, mahudhurio yakijazwa mezani, au muhtasari ukifungiwa kabatini kwa mtendaji, sheria hubaki maandishi. Hapo ndipo penye swali letu la pili, la nani anashika daftari.

Hukumu yangu ni hii. Historia ya Ruvuma haionyeshi kwamba watu wa mashinani hawawezi kujiongoza. Inaonyesha kwamba waliweza mara nyingi, na kwamba walichopoteza ni kile kilichoegemea fadhila za mkubwa, vifaa vya mfadhili na kalamu ya mgeni. Kilichojulikana na wengi hakikuvunjika: ngolo zipo, na Matetereka iliendelea bila jumuiya yake. Waanaki wamekosea wanapodhani dola pekee ndiyo bwana, kwa maana hata sengu ilikuwa na mabwana zake. Lakini wamepatia kwamba uhuru unaotolewa na mkubwa hurudishwa kwa mkubwa.

Kwa hiyo, ewe mwanakijiji wa Mbinga na wa mwambao, mkutano mkuu ujao wa kijiji chako uhudhurie, dai usomewe muhtasari wa mkutano uliopita, na nakala yake ibandikwe mahali ambapo kila anayepita anaweza kuisoma kwa Kiswahili. Kama mkutano haujaitishwa kwa muda wa miezi 3 iliyowekwa na sheria, uliza kwa maandishi ni kwa nini, na majirani zako watie sahihi pamoja nawe.